Pengo au Ukimya: Jumamosi Tatu za Sheria ya Jinai ya Kimataifa Jijini Mwanza

Katika miaka yote niliyofanya kazi ya uwakili wa kujitegemea hapa Mwanza nimehudhuria semina nyingi, na nyingi kati ya hizo zimeniachia cheti na kablasha lisilofunguliwa tena. Mafunzo niliyoyamaliza Jumamosi iliyopita, kuhusu namna ya kutafsiri sheria ya jinai ya kimataifa na kuziba mapengo yake, yameniachia kitu kingine, nami nimeona ni haki wenzangu wa Kanda ya Ziwa wakijue kabla awamu inayofuata haijaanza kuandikisha washiriki.

Mafunzo yaliendeshwa kwa Jumamosi tatu mfululizo katika ukumbi mdogo wa kukodi upande wa Capri Point, kuanzia saa tatu asubuhi hadi saa kumi jioni. Ada ni shilingi 150,000 kwa mawakili na watumishi wa umma, na shilingi 60,000 kwa wanafunzi, ikiwa ni pamoja na chai, chakula cha mchana na kablasha la kurasa 140. Tulikuwa washiriki wapatao thelathini: mawakili, mahakimu, wanafunzi wa sheria, watu wawili wanaofanya kazi na wakimbizi, na mama mmoja, hakimu mstaafu, aliyekuwa akivuka na kivuko kutoka Kamanga kila Jumamosi na kufika kabla yetu sisi tunaoishi mjini. Wawezeshaji walikuwa wawili, mmoja mhadhiri wa sheria, na mwingine mzee ambaye kwa miaka mingi alikuwa mtafsiri wa nyaraka katika Mahakama ya Kimataifa ya Jinai kwa Rwanda iliyokuwa Arusha. Sitawataja majina kwa kuwa sikuwaomba ruhusa.

Jambo lililonifanya nione kwamba fedha yangu haikupotea ni swali moja ambalo wawezeshaji hawa walilishikilia tangu asubuhi ya kwanza hadi jioni ya mwisho. Kila tulipofika mahali ambapo Mkataba wa Roma, ule ulioanzisha Mahakama ya Kimataifa ya Jinai (ICC) huko The Hague, hausemi kitu, walitusimamisha na kutuuliza: je, hapa kuna pengo, au kuna ukimya? Pengo ni pale ambapo watunga sheria hawakuliona jambo, na lisipopatiwa jibu kazi ya mahakama haiwezi kuendelea kwa haki. Ukimya ni pale ambapo walilijua jambo, wakaamua kutoliweka, na kutoliweka huko ndilo jibu lenyewe. Jaji anayeziba ukimya anatunga sheria ambayo hakupewa mamlaka ya kuitunga, na katika sheria ya jinai anayelipia kosa hilo ni mtu aliye kizimbani.

Sisi mawakili wa Tanzania tunalihitaji swali hili kuliko tunavyodhani. Tumelelewa katika Sura ya 358 ya sheria zetu, ambayo inaelekeza kwamba pale sheria ya nchi isipotosha, mahakama itumie sheria ya kawaida (common law) ya Uingereza, misingi ya usawa na sheria za matumizi ya jumla zilizokuwapo Uingereza tarehe 22 Julai 1920, kwa kadiri hali ya nchi na ya wananchi inavyoruhusu. Kwa hiyo tukikuta kimya, mkono wetu unakwenda wenyewe kwenye kesi za Uingereza. Mhadhiri alianza kwa kuivunja tabia hiyo, na alifanya vyema kuivunja mapema. Huko The Hague njia imechorwa na Ibara ya 21 ya Mkataba wa Roma: kwanza Mkataba wenyewe, Vipengele vya Makosa, na Kanuni za Utaratibu na Ushahidi, pili, inapofaa, mikataba inayohusika na kanuni za sheria ya kimataifa, zikiwamo zile za vita, tatu, hayo yote yakishindwa, kanuni za jumla zinazotokana na sheria za nchi za mifumo mbalimbali ya ulimwengu, zikiwamo, inapofaa, sheria za nchi ambazo kwa kawaida zingeisikiliza kesi hiyo. Juu ya ngazi zote tatu, kifungu kidogo cha 3 kinaagiza kwamba kutumia na kutafsiri sheria kuendane na haki za binadamu zinazotambuliwa kimataifa. Neno la kuangalia ni «yakishindwa». Mtu hashuki ngazi ya tatu kwa sababu anaipenda; anashuka kwa sababu mbili za juu zimemwacha bila kitu.

Somo la kwanza la mfano lilikuwa uamuzi wa rufani wa ICC wa tarehe 13 Julai 2006 katika suala la Kongo. Mwendesha mashtaka alikuwa amenyimwa ruhusa ya kukata rufani, akataka kuukatia rufani uamuzi huo wa kunyimwa ruhusa, akasema kwamba Mkataba una pengo na kwamba kanuni za jumla za sheria zinaliziba, kwani mifumo mingi ya nchi inaruhusu mahakama ya juu kupitia uamuzi wa namna hiyo. Majaji wa rufani walilitafsiri jambo hilo kwa Mkataba wa Vienna wa Sheria ya Mikataba wa mwaka 1969, yaani kwa maana ya kawaida ya maneno, katika muktadha wake, na kwa kuangalia lengo la mkataba. Wakakuta kwamba Ibara ya 82 imeorodhesha maamuzi yanayoweza kukatiwa rufani, orodha hiyo inajitosheleza, na pengo linalodaiwa halipo. Tuliusoma uamuzi huo kwa zaidi ya saa moja, aya kwa aya.

Baada ya chai tukawekewa mfano unaoonekana kwenda kinyume. Katika kesi ya William Ruto na Joshua Sang kutoka Kenya, walioshtakiwa kwa ghasia za baada ya uchaguzi, Mkataba haukuwa na neno hata moja kuhusu mshtakiwa kuomba mahakama itamke, baada ya upande wa mashtaka kufunga ushahidi wake, kwamba hana kesi ya kujibu. Kwetu hili ni jambo la kila wiki. Hakuna hakimu wa wilaya asiyelijua. Mnamo tarehe 3 Juni 2014 jopo liliruhusu maombi hayo, na msingi lilioutaja ni mamlaka ambayo Mkataba wenyewe umelipa jopo ya kuendesha kesi kwa haki na bila kuchelewa. Tarehe 5 Aprili 2016 majaji wawili kati ya watatu waliikomesha kesi hiyo, bila kuwatangaza washtakiwa kuwa wameachiwa huru kwa kutokuwa na hatia, na bila kuzuia mashtaka mapya siku za mbele.

Hapo mjadala ukawaka. Kijana mmoja, wakili wa miaka miwili au mitatu, alisimama akasema kwamba majaji wameziba kimya mwaka 2014 wakati mwaka 2006 walikataa kukiziba, na kwamba huko ni kubagua. Mhadhiri hakumjibu mara moja. Alimwomba asome tena ibara husika kwa sauti, moja baada ya nyingine, kisha akamwuliza: «Wakili msomi, katika ipi kati ya hizi watunga sheria wameweka orodha?» Yule kijana akanyamaza, akasoma tena, akasema: «Katika ile ya rufani, Mwalimu.» Basi. Palipo na orodha kamili, kisichoorodheshwa kimekataliwa; palipo na mamlaka ya jumla ya kuendesha kesi, utaratibu usiotajwa unaweza kukaa ndani ya mamlaka hayo. Nimekaa darasani miaka mingi na sijawahi kuona tofauti hiyo ikifundishwa kwa uwazi namna ile, na ikifundishwa na mwanafunzi mwenyewe.

Kesi hiyohiyo ya Kenya ilitupa mifano mingine ambayo tuliipitia haraka zaidi: samansi za kuwalazimisha mashahidi kufika, ambazo majaji wa rufani walizithibitisha tarehe 9 Oktoba 2014, na suala la mshtakiwa kutokuwapo mahakamani wakati Ibara ya 63 inasema kwamba awepo, suala ambalo baada ya uamuzi wa rufani wa Oktoba 2013 nchi wanachama wenyewe walilitungia kanuni mpya mwezi uliofuata. Ningependa mfano huu wa mwisho upewe muda zaidi. Unaonyesha kwamba si kila pengo ni la jaji kuliziba, na kwamba nchi wanachama zikitaka kutunga kanuni, zinaweza kukaa na kuitunga ndani ya wiki chache.

Sasa nieleze jambo dogo lililotokea asubuhi ya Jumamosi ya pili, kwa sababu linaeleza ubora wa wawezeshaji hawa kuliko sifa nitakazozitoa. Kablasha lilikuwa na tafsiri ya Kiswahili ya Ibara ya 22, ile inayosema kwamba maana ya kosa itafsiriwe kwa mipaka finyu, isipanuliwe kwa mlinganisho, yaani kwa sababu tu jambo jingine linafanana nalo, na penye utata itafsiriwe kwa manufaa ya mtu anayechunguzwa, anayeshtakiwa au aliyetiwa hatiani. Ukurasa wa 37 ulisomeka: «Maana ya kosa itapanuliwa kwa mlinganisho.» Silabi moja, «ha», ilikuwa imedondoka mwanzoni mwa kitenzi, na kanuni inayomlinda mshtakiwa ikawa imegeuka kuwa kanuni ya kumwangamiza. Mama Hakimu ndiye aliyeiona. Yule mzee mtafsiri alisimamisha somo, akapita meza kwa meza na kalamu nyekundu, akaandika «haitapanuliwa» kwa mkono wake katika kila nakala, nakala zote thelathini, huku sisi tukisubiri. Alipomaliza alisema kwamba huko Arusha alikuwa akisoma kila ukurasa mara tatu na bado hakulala vizuri. Nakala yangu ninayo hapa mezani na wino huo mwekundu umepenya hadi upande wa pili wa karatasi.

Kutoka hapo tukaingia katika kesi ya Ongwen, na hii ndiyo sehemu niliyoiona kuwa na thamani kuliko zote. Dominic Ongwen alikuwa kamanda wa kundi la waasi la LRA (Lord's Resistance Army) kaskazini mwa Uganda. Tarehe 4 Februari 2021 alitiwa hatiani kwa makosa 61, na mojawapo ni ndoa ya kulazimishwa. Fungueni Ibara ya 7 ya Mkataba wa Roma, mtakuta ubakaji, utumwa wa kingono, ukahaba wa kulazimishwa, mimba ya kulazimishwa na kufungwa kizazi kwa nguvu. Ndoa ya kulazimishwa hamtaikuta. Iliingia kupitia kifungu cha mwisho cha ibara hiyo, kinachozungumzia vitendo vingine visivyo vya kibinadamu vyenye tabia inayofanana na vile vilivyotajwa, vinavyosababisha kwa makusudi mateso makubwa au madhara makubwa ya mwili au ya akili. Utetezi ulisema kwamba huko ni kutunga kosa jipya. Majaji wa rufani waliikataa hoja hiyo tarehe 15 Desemba 2022.

Je, huo si mlinganisho ambao Ibara ya 22 imeukataza? Mhadhiri alituacha tuhangaike na swali hilo kwa karibu saa nzima, na naona alikuwa sahihi kutuacha, kwa sababu jibu la haraka la kila upande ni jibu bovu. Anayesema kwamba kisichotajwa kwa jina si kosa anakifuta kifungu cha mwisho ambacho nchi zilikiandika kwa macho makavu. Anayesema kwamba kila ubaya mkubwa unaingia humo anaifuta Ibara ya 22. Kilichobaki ni kukisoma kifungu hicho kwa mipaka yake yenyewe: tabia ifanane na ya makosa yaliyotajwa, mateso yawe makubwa, makusudi yawepo. Kumlazimisha msichana kuwa mke, kumpa jina la mke mbele ya watu wote, kumfungia katika kazi za nyumbani na uaminifu wa ndoa kwa mtu aliyemteka, ni madhara yasiyokwisha kwa kusema «alibakwa» wala kwa kusema «alifanywa mtumwa». Kuliita jambo hilo kwa jina lake, ndani ya mlango ambao watunga sheria wenyewe waliuacha wazi, ni kutafsiri. Mimi niliingia ukumbini nikiwa na mashaka na hukumu hiyo, na nimetoka nikiikubali.

Mama Hakimu aliinua mkono. «Mwalimu, huyu Ongwen mwenyewe alitekwa akiwa mtoto anakwenda shule. Mkataba unasema nini juu ya mtu aliyetendewa kabla ya kutenda?»

«Hapo Mkataba haukunyamaza, Mama. Ibara ya 31 inataja ugonjwa wa akili, inataja na shuruti. Majaji walivipima vyote viwili wakaona havikuthibitika. Utoto wake waliuweka kwenye adhabu, wakampa miaka 25 badala ya kifungo cha maisha.»

«Nimekusikia,» alisema yule mama, «lakini sijatosheka.» Mhadhiri akamjibu kwamba yeye pia hajatosheka, na akaliacha suala pale bila kulifunika kwa maneno. Nilimheshimu kwa hilo.

Neno «shuruti», yaani kutenda kosa kwa kulazimishwa na tishio, ndilo lililotupeleka kwenye zoezi la mchana, ambalo peke yake lingetosha kuwa sababu ya kulipa ada. Tuligawanywa katika majopo ya watu watano, kila jopo likapewa kesi ya Erdemović, askari kijana aliyeshiriki kuwapiga risasi wafungwa Waislamu wa Bosnia katika shamba la Branjevo mwezi Julai 1995. Alisema kwamba alikataa, akaambiwa kwamba kama anawahurumia akapange mstari pamoja nao. Alikiri kosa. Swali lililowafikia majaji wa rufani wa mahakama ya kimataifa ya jinai kwa Yugoslavia ya zamani lilikuwa kama shuruti ni utetezi kamili kwa askari aliyeua watu wasio na hatia. Sheria ya kimila ya kimataifa haikuwa na kanuni mahususi juu ya hilo. Nchi zinazofuata mfumo wa Uingereza kwa kawaida hukataa shuruti kuwa utetezi wa mauaji. Nchi nyingi za Ulaya bara huikubali.

Jopo langu liligawanyika watu watatu kwa wawili, na mimi nilikuwa katika wale watatu. Tulisema kwamba kuna pengo, mifumo ya nchi inapingana, basi tuchague kanuni inayolinda uhai wa wasio na hatia. Tulipofunguliwa bahasha ya hukumu tukakuta kwamba tarehe 7 Oktoba 1997 majaji halisi nao waligawanyika watatu kwa wawili, na wengi wao wakaenda tulikokwenda. Lakini mzee mtafsiri alitusomea hoja ya Jaji Cassese aliyekuwa upande wa wachache: shuruti kwa jumla inatambuliwa kuwa utetezi, kama hakuna kanuni maalumu inayoyaondoa mauaji, basi kanuni ya jumla inaendelea kutumika kwa masharti yake magumu. Yaani pale tulipoona pengo, yeye aliona ukimya, na ukimya huo ulimnufaisha mshtakiwa. Niliona aibu ya kweli. Nilikuwa nimefundishwa swali hilo wiki nzima, na kesi ya kwanza yenye damu iliponifikia nikakimbilia kuziba. Erdemović alipangiwa adhabu upya Machi 1998, akapewa miaka mitano badala ya kumi ya awali, na Julai ya mwaka huohuo nchi zilizokutana Roma ziliandika utetezi wa shuruti katika Ibara ya 31 bila kuyatenga mauaji.

Jumamosi ya tatu ilikuwa ya Arusha na ya lugha. Hukumu ya Jean-Paul Akayesu wa Rwanda, iliyotolewa Arusha tarehe 2 Septemba 1998, inajulikana kwa wengi kama ya kwanza ya mahakama ya kimataifa kumtia mtu hatiani kwa mauaji ya kimbari, na pia kwa kutoa maana ya ubakaji wakati sheria ya kimataifa haikuwa na maana iliyokubalika. Wawezeshaji walichagua sehemu isiyosomwa sana. Mkataba wa mwaka 1948 wa kuzuia mauaji ya kimbari unalinda makundi manne: ya kitaifa, ya kikabila, ya rangi na ya kidini. Watutsi na Wahutu wanazungumza lugha moja na wana utamaduni mmoja. Wanaingia katika kundi lipi? Majaji waliangalia vitambulisho vya Rwanda vilivyoandikwa kabila la mtu, waliangalia jinsi Wanyarwanda wenyewe walivyojitambulisha, kisha wakaongeza kwamba nia ya watunga mkataba ilikuwa kulinda kila kundi lililo imara na la kudumu. Hilo la mwisho halikufuatwa na mahakama zilizokuja baadaye, na mhadhiri alisema wazi kwamba kwa maoni yake majaji walikuwa wamekwisha kufika walikokuwa wakienda, hawakuhitaji kuvuka hapo.

Mshiriki mmoja aliyekulia Kyaka, kando ya mto Kagera, aliomba kuzungumza. Alisema kwamba mwaka 1994 alikuwa mvulana, na mto ulikuwa ukipitisha miili ya watu kuelekea ziwani, na nyumbani kwao samaki hakuliwa kwa muda mrefu. Hakuwa na swali. Alitaka tu tujue kwamba, tunapobishana kuhusu neno «kundi», yeye aliliona kundi hilo likipita majini. Kutoka dirisha la ukumbi ule unaliona ziwa lenyewe, na kwa dakika kadhaa hakuna aliyeandika kitu.

Kuhusu lugha, nililipenda somo la uamuzi wa rufani wa tarehe 27 Mei 2008 katika kesi ya Germain Katanga wa Kongo huko ICC, ambapo mshtakiwa alitaka Kilingala na jaji wa awali akaona kwamba Kifaransa chake kinatosha. Ibara ya 67 inataka lugha ambayo mshtakiwa anaielewa kikamilifu na kuizungumza. Majaji wa rufani walisema kwamba neno «kikamilifu» halikuwekwa kwa bahati, kwamba kiwango kinachotakiwa ni cha juu, wakalirudisha suala hilo lipimwe upya. Mzee mtafsiri akaligeuza jambo kwetu: tangu mwaka 2021 Kiswahili ndicho lugha ya sheria na ya mahakama nchini, na katika Kiswahili tunatumia neno moja, «tafsiri», kwa kazi mbili, kuhamisha maneno kutoka lugha hadi lugha na kutafuta maana ya sheria. Mkalimani anafanya ya kwanza, jaji anafanya ya pili, na hatari ni mkalimani kuifanya ya pili bila mtu kujua. Alipendekeza tuseme «kufasiri» kwa kazi ya jaji. Sina hakika kwamba pendekezo hilo litashika, kwa kuwa hata sheria yetu ya Sura ya 1 inaitwa Sheria ya Tafsiri ya Sheria, lakini hatari aliyoitaja nimeiona kwa macho yangu katika mahakama za hapahapa.

Kasoro zipo na sitazificha. Sehemu ya kanuni za jumla za sheria ilifundishwa kwa kulinganisha Uingereza na Ufaransa peke yake, kana kwamba Ibara ya 21 inazungumzia mifumo miwili ya ulimwengu; sheria ya Kiislamu haikuguswa, wala sheria za Kenya na Uganda, ambazo zina sheria zao za makosa ya kimataifa za mwaka 2008 na 2010. Kwa mafunzo yanayofanyika kando ya ziwa linalogawanywa na nchi tatu, hilo ni upungufu mkubwa. Nafasi ya waathirika wa uhalifu katika kufasiri sheria ilipata dakika ishirini za mwisho, tukiwa tumechoka. Kablasha linahitaji mhariri: mbali na ule ukurasa wa 37, majibu ya zoezi la sita hayamo kabisa. Vyeti tuliahidiwa siku ya mwisho na hadi leo havijafika, jambo linalowaumiza zaidi wanafunzi wanaovihitaji kwa maombi ya kazi. Ukumbi una joto kali baada ya saa saba mchana. Chakula kilikuwa kizuri, wali kwa sato, na kilitosha.

Kwa wakili wa makosa ya kawaida ambaye hatarajii kamwe kusimama The Hague, bado nashauri ahudhurie, kwa sababu Ibara ya 13 ya Katiba yetu nayo inakataza kumwadhibu mtu kwa kitendo ambacho hakikuwa kosa kilipotendwa, na swali la pengo au ukimya linaibuka Ilemela na Nyamagana kila siku. Mwanafunzi wa mwaka wa kwanza angoje kidogo. Bila kujua sheria ya mikataba atapotea asubuhi ya kwanza. Awamu inayofuata, kwa mujibu wa waandaaji, itatangazwa baada ya likizo ya mahakama. Nendeni na nakala yenu wenyewe ya Mkataba wa Roma iliyochapishwa, si ya kwenye simu, kwa sababu mtaandika pembezoni, na kaeni upande wa dirisha la ziwani, ambako upepo unafika.